i7-8700K kwenye GHz 5.0: inapita Cinebench, inaanguka kwenye kurenda. Tutafute chanzo

#1 Kibo_Render

Wakuu, habari za wakati huu. Naomba tusaidiane kuhusu mashine ya kuhariri video.

Prosesa ni Core i7-8700K, mazabodi ya Z370, RAM nne za GB 8 kila moja, DDR4 zilizoandikwa 3600. Kipozeo ni cha hewa, mnara mmoja wenye feni ya milimita 120. Pawa saplai ya wati 650. Chumba hakina kiyoyozi, mchana kipimajoto kinasoma nyuzi 31.

Nimeovakloki, yaani nimepandisha mwendo kupita wa kiwandani: kizidisho 50 (mara MHz 100, ndiyo GHz 5.0) kwa viini vyote sita, Vcore (volteji ya viini) 1.350 isiyobadilika, XMP (mpangilio wa kuendesha RAM kwa mwendo ulioandikwa juu yake) imewashwa. Mengine yote yapo Auto. Jaribio la prosesa la Cinebench R23 linamaliza dakika 10 bila shida, lakini kwenye kurenda video ndefu mashine inaanguka, na haianguki kwa namna moja. Mara inaleta skrini ya bluu ya WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR, mara MEMORY_MANAGEMENT, mara inajizima na kujiwasha kimya kimya bila ujumbe wowote.

Je, nipandishe volteji hadi 1.40, au prosesa ndiyo imechoka?

#2 fundi_volti

Mkuu, 1.40 iache kwanza. Una dalili tatu tofauti, na inawezekana kabisa kila moja ina chanzo chake. Ukipandisha volteji sasa hivi unaweza kuficha moja na kuzidisha nyingine, halafu hutajua ipi ilikuwa ipi.

Tuletee vipimo. Fungua HWiNFO64 upande wa sensa, kisha endesha Prime95 (programu ya kutesa prosesa kwa hesabu nzito) kwa jaribio la Small FFTs, wafanyakazi (workers) 6, mmoja kwa kila kiini, dakika 10. Usitumie Blend kwa sasa, ile inachanganya RAM na prosesa na sisi tunataka kuvitenganisha. Andika: Vcore mashine ikiwa imetulia na ikiwa na mzigo, joto la kila kiini, CPU Package Power, mwendo wa ringi (njia inayounganisha viini na kashe), na VCCIO na VCCSA (volteji zinazolisha upande wa kidhibiti cha kumbukumbu). Angalia pia kama mstari wa Thermal Throttling unasema Yes.

Kisha nenda Event Viewer, Windows Logs, System, uchuje vyanzo viwili: WHEA-Logger (makosa ya maunzi) na Kernel-Power (kuzimika ghafla). Kwenye WHEA-Logger namba 19 ni kosa ambalo prosesa imelirekebisha yenyewe, namba 18 ni lililoshindikana. Fungua undani wake usome aina ya kosa na Processor APIC ID. Kwenye Kernel-Power 41 soma thamani ya BugcheckCode. Ikiwa 292, hiyo ni 0x124 iliyoandikwa kwa desimali, yaani ile ile WHEA. Ikiwa 0, Windows haikupata hata nafasi ya kuandika chochote kabla ya kuzima.

#3 Kibo_Render

Nashukuru mkuu. Hivi hapa:

Vcore imetulia 1.344, chini ya mzigo 1.264.
Joto: kiini cha tatu kimegonga 100, vingine kati ya 86 na 95. Thermal Throttling: Yes.
Package Power: wati 178.
Ringi 4.7 GHz. VCCIO 1.280, VCCSA 1.344.
Prime95: mfanyakazi wa tatu amesimama na ujumbe wa "FATAL ERROR: Rounding was 0.5, expected less than 0.4". Wengine wameendelea.
WHEA-Logger 19 ziko nyingi, Internal parity error, karibu zote APIC ID 4 na 5.
Kernel-Power 41: baadhi zina 292, nyingine zina 0.

#4 fundi_volti

Safi, sasa kuna pa kuanzia.

Tazama hiyo Vcore. Uliagiza 1.350, ikiwa imetulia unapata 1.344, mzigo ukija unabaki na 1.264. Wati 178 ukigawa kwa volti 1.264 unapata kama ampea 141. Millivolti 80 zilizopotea ukigawa kwa ampea 141 ni kama milioum 0.57. Huo ndio mteremko ambao mazabodi yako imeupanga kwa LLC (kipengele cha baiosi kinachopunguza mteremko huo) iliyo Auto. Haujaharibika, umekusudiwa: kadiri ampea zinavyopanda, volteji inaachiwa ishuke. Ndiyo maana Cinebench inapita. Inavuta ampea chache kuliko Prime95 au kurenda kwa muda mrefu, kwa hiyo inabakiwa na volteji zaidi. Hiyo 1.350 uliyoandika kwenye baiosi, prosesa yako haijawahi kuiona wakati wa kazi nzito. Unapolinganisha na wenzako mtandaoni, linganisha volteji ya chini ya mzigo, na hata hapo kumbuka mazabodi nyingi hupima mbali na prosesa yenyewe, zikakuonyesha namba iliyo juu kidogo ya ile inayofika.

Sasa APIC ID. 8700K ina viini 6 na kila kimoja kina namba mbili kwa sababu ya Hyper-Threading. 0 na 1 ni kiini cha kwanza, 2 na 3 cha pili, 4 na 5 cha tatu. Mfanyakazi aliyefeli ni wa tatu. Kiini kilichogonga nyuzi 100 ni cha tatu. Vipimo vitatu vinaelekeza mahali pamoja: kiini hicho ndicho dhaifu kwenye kipande chako, na joto linakiongezea shida, kwa sababu kiini kikiwa cha moto kinahitaji volteji zaidi kwa mwendo ule ule.

Hilo linaeleza WHEA peke yake. MEMORY_MANAGEMENT na zile 41 zenye sifuri usizitupie kapu hilo hilo.

Hatua ya kwanza ni kurudi kwenye mipangilio ya kiwandani na kuithibitisha. Pakia mipangilio ya msingi kwenye baiosi, zima XMP, na uzime kile kipengele cha mazabodi kinachoitwa Multi-Core Enhancement au jina linalofanana. Hicho kikiwaka, "kiwandani" si kiwandani tena: 8700K ikiwa na mzigo kwenye viini vyote sita inatakiwa iende 4.3 GHz, 4.7 ni ya kiini kimoja tu. Multi-Core Enhancement inavipeleka vyote sita 4.7 bila kukuuliza. Kisha rudia Prime95 kwa saa moja. Ikifeli hapo, tunaacha kuzungumzia ovakloki, tunatafuta kifaa kibovu.

#5 Mama_Seva

Naongezea upande wa RAM, kwa sababu watu wengi wanadhani XMP ni mpangilio wa kawaida. Si wa kawaida. Kwa 8700K kumbukumbu rasmi ni DDR4-2666. RAM yako ya 3600 ikiwashwa XMP, umeovakloki kidhibiti cha kumbukumbu kilichomo ndani ya prosesa, na ukiwa na vipande vinne umekipa mzigo mkubwa zaidi kuliko viwili.

Ona pia mazabodi ilichofanya kwa siri. VCCSA ya kawaida kwa kizazi hiki ni 1.05 na VCCIO ni 0.95. Yako iko 1.344 na 1.280. Auto inapoona 3600 inatupa volteji nyingi ili tu iwake, na hizo si bure: zinaongeza joto kwenye prosesa ile ile, na zikizidi zinaweza zenyewe kuleta makosa. Ziandike kwa mkono. Anza na VCCIO 1.10 na VCCSA 1.15, na ukilazimika kupanda panda kwa 0.025, ukiishia 1.20 kwa VCCIO na 1.25 kwa VCCSA. Volteji ya RAM yenyewe iweke 1.35 kama kibandiko chake kinavyosema.

Jaribu RAM huku prosesa ikiwa kiwandani kabisa. Weka MemTest86 kwenye flashi, uwashe mashine kutoka hapo, uache mizunguko yote minne. Kosa moja ni kufeli, hakuna "kosa dogo" kwenye RAM. Ikipita, ingia Windows uendeshe TestMem5 kwa sababu inatesa RAM ikiwa imepata moto, na MemTest86 huwa haiipashi vya kutosha.

Ikifeli 3600, shusha hadi 3200 kwa nambari zile zile za muda kabla ya kugusa kitu kingine. Ukitaka kujua kama ni kipande kimoja kibovu, chomoa viwili, viache kwenye sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa.

Na hili nalisisitiza mkuu: faili za wateja zisiwe kwenye diski iliyochomekwa wakati unafanya majaribio haya. RAM isiyo imara haikuletei skrini ya bluu tu. Inaandika data mbovu kwenye diski bila kukuambia, na unaigundua siku unafungua mradi haufunguki.

#6 Kibo_Render

Kiwandani imepita Prime95 saa nzima. Vcore 1.12, wati 118, kiini cha moto zaidi 78. WHEA hakuna hata moja.

RAM: XMP 3600 na vipande vinne inatoa makosa kwenye MemTest86. Kwa 3200, VCCIO 1.10, VCCSA 1.15, imepita mizunguko yote, na TestMem5 pia safi. Viwili viwili kwa 3600 vinapita vyote, kwa hiyo hakuna kipande kibovu.

#7 Mama_Seva

Basi MEMORY_MANAGEMENT tumeipata. Kidhibiti hakiwezi vinne kwa 3600 kwenye mazabodi hiyo. Baki 3200 na GB 32 zako. Kwa kurenda ukubwa wa RAM ni muhimu kuliko hiyo tofauti ya mwendo.

Kabla hujaendelea, ukiwa bado kiwandani, fungua Command Prompt kama msimamizi, uendeshe DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, halafu sfc /scannow. Windows iliyokuwa inaanguka kwa muda mara nyingi ina faili zilizoharibika, na utakuja kuilaumu prosesa kwa makosa ya faili. Usiendeshe amri hizi ovakloki ikiwa imewashwa. Mashine inayokosea hesabu haifai kupewa kazi ya kurekebisha faili.

#8 Kisiwani64

Ndugu yangu, mimi nataka tusimame kwenye joto, maana huku pwani ndipo watu wengi wanapokwama. Makala nyingi za ovakloki zimeandikwa na watu ambao vyumba vyao vina nyuzi 20 hadi 22. Wewe una 31. Kipozeo hakishushi joto hadi namba fulani, kinaongeza juu ya joto la chumba. Kwa hiyo namba zao unaongeza 9 hadi 11 kabla hata hujaanza.

Kwako: 100 toa 31 ni 69 kwa wati 178, karibu nyuzi 0.39 kwa kila wati. Kwa mnara mmoja wa milimita 120 hiyo ni juu kidogo, na tofauti ya nyuzi 14 kati ya kiini cha chini na cha juu inanifanya nitazame pesti na mkao wa kipozeo. Kifungue. Tazama alama ya pesti kwenye kifuniko cha prosesa: ikiwa upande mmoja ni nyembamba hadi chuma kinaonekana na upande wa pili ni nene, skrubu zilikazwa upande mmoja kwanza. Futa pande zote mbili kwa kitambaa kisicho na nyuzi na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu. Weka pesti kiasi cha punje ya kunde katikati. Kaza skrubu kwa mkingamo, mizunguko miwili miwili, hadi zifike mwisho. Kisha pitisha brashi na hewa kwenye mapezi, na uzuie feni kwa kidole isizunguke wakati unapuliza.

Kitu kingine ambacho hutakibadilisha kwa kukaza skrubu: 8700K ndani yake, kati ya kipande cha silikoni na kifuniko cha chuma, ina pesti, haikulehemiwa kwa chuma kama ilivyofanyiwa 9900K iliyofuata. Ndiyo maana watu waliifungua kifuniko na kuweka metali ya maji, na kushuka nyuzi 10 hadi 20 ni jambo la kawaida. Kazi hiyo inataka kifaa maalumu cha kusukuma kifuniko kando, si wembe. Metali hiyo inapitisha umeme, kwa hiyo vile vijisehemu vidogo vilivyo kando ya silikoni vinapakwa rangi ya kucha na kuachwa vikauke kwanza. Na inakula alumini, isiguse kipozeo chenye sehemu ya chini ya alumini. Kwa mashine ya kazi mimi singekimbilia huko kabla ya kujaribu mwendo wa chini kidogo.

Na hesabu ya mwendo wa chini ni hii. Nguvu inayotumika inafuata volteji mara volteji mara mwendo. Kiini chako cha tatu kimefeli kwa 1.264 kwenye 5.0, tuseme kinataka 1.32 halisi chini ya mzigo. Kwa 4.8 tuseme kinataka 1.23. Gawa 1.32 kwa 1.23, zidisha kwa yenyewe, kisha zidisha kwa 5.0 gawa 4.8: unapata 1.2. Umeongeza umeme na joto kwa asilimia 20 ili upate mwendo wa asilimia 4. Kwenye chumba cha nyuzi 31 biashara hiyo hailipi.

#9 fundi_volti

Nakubaliana na Kisiwani. Mkuu Kibo, ukishapaka pesti upya, fuata utaratibu huu, na badilisha kitu kimoja tu kila mara.

Ringi ishushe hadi 43 na uiache hapo hadi mwisho. Watu husahau kwamba ringi na viini vinakula Vcore moja, kwa hiyo ringi ya 4.7 inaweza kufeli wakati viini viko sawa, na kosa litakuja kama Cache Hierarchy Error. Ukishamaliza viini unaweza kuijaribu 44 au 45, ingawa kwenye kurenda hutaiona tofauti.

LLC iweke ngazi ya kati. Majina hayafanani: kwenye mazabodi nyingine ngazi 1 ndiyo kali, kwenye nyingine ndiyo laini, soma mchoro wa mstari ulio pembeni ya kipengele. Usichague ile inayofuta mteremko wote. Mzigo unapoondoka ghafla, volteji inaruka juu kwa muda mfupi mno kuliko sensa inavyoweza kuona, na unapoingia inazama chini vile vile. Ngazi ya kati ukaongeza 0.02 kwenye baiosi ni salama kuliko ngazi kali yenye namba nzuri.

Vizuizi vya nguvu PL1 na PL2 vipandishe vya kutosha visikatize jaribio, wati 200 zinatosha, vinginevyo mwendo utashuka katikati na utadhani umefaulu.

AVX offset (idadi ya vizidisho vinavyoshushwa programu ikitumia maagizo mazito ya AVX) weka 0. Programu za kuhariri video zinatumia AVX, kwa hiyo ukiweka offset 2 unajidanganya: unasoma 4.8 ukiwa kwenye eneo-kazi na unarenda kwa 4.6. Bora mwendo mmoja unaostahimili AVX.

Anza kizidisho 47 kwa 1.250, volteji isiyobadilika. Small FFTs dakika 15. Ikipita, 48. Ikifeli, ongeza 0.010, si zaidi. Tazama WHEA kwenye HWiNFO64 muda wote: Prime95 inaweza kuendelea huku kosa namba 19 zinahesabika, na hilo kwangu ni kufeli. Weka mpaka kabla ya kuanza: nyuzi 90 au 1.35 kwenye baiosi, ukifika mojawapo, rudi kizidisho kimoja. Ile 1.52 iliyo kwenye karatasi za Intel ni kilele cha volteji ambayo prosesa inaweza kuomba, kabla ya mteremko. Si kibali cha kuiendesha hapo saa nane kwa siku.

Ukipata pa kusimama, thibitisha kwa vitu vitatu vyenye tabia tofauti: Prime95 saa moja, y-cruncher (programu nyingine ya hesabu nzito) saa moja, na kurenda kwenyewe kwa mradi mrefu ulionakiliwa. Kisha acha mashine imetulia usiku kucha. Kuna ovakloki zinazopita mizigo yote na kuganda zikiwa hazifanyi kitu, hasa ukibadilisha kwenda volteji ya adaptive (inayofuata mwendo) yenye offset hasi (punguzo), kwa sababu kule chini kwenye mwendo mdogo ile offset inakata volteji ambayo ilikuwa kidogo tangu mwanzo.

Mashine ikigoma kuwaka kabisa: chomoa waya wa ukutani, shikilia kitufe cha kuwasha sekunde 10, toa betri ya CR2032 dakika chache, au gusanisha zile pini mbili za CLR_CMOS kwa bisibisi. Piga picha mipangilio yako kabla.

#10 NgaziMia

Hakuna aliyegusa zile 41 zenye sifuri. Hizo kwa kawaida ni umeme. Mashine inakatika kabla Windows haijaandika chochote.

Angalia kwanza kiunganishi cha pini 8 kilicho juu karibu na prosesa, chenye nyaya nne za volti 12 na nne za ardhi. Kwa wati 178 ndani ya prosesa, ukiongeza upotevu wa VRM (saketi ya mazabodi inayolisha prosesa), unapitisha ampea 16 au zaidi kwenye kiunganishi hicho. Kama mazabodi ina nafasi ya pini 8 na umechomeka pini 4 tu, au umetumia adapta ya kugeuza kutoka waya wa diski, hapo pana shida. Chomoa utazame plastiki: ikiwa imegeuka kahawia au imelegea pembeni mwa pini, kiunganishi kimeungua.

Kisha pima kwa multimita, upande wa DC. Ncha nyekundu ipitishe nyuma ya kiunganishi kwenye waya wa volti 12, nyeusi kwenye ardhi, mashine ikiwa na mzigo. Kanuni za ATX zinaruhusu asilimia 5, yaani 11.40 hadi 12.60. Ikisoma 11.9 imetulia na 11.5 na mzigo, bado iko ndani lakini pawa saplai inahangaika. Usiamini namba ya volti 12 ya kwenye programu, sensa zake hukosea sana. Na pawa saplai yenyewe usiifungue, kapasita zake hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa.

Una UPS? Kama ipo, ni ya aina gani?

#11 Kibo_Render

UPS ipo mkuu, VA 1000, imeandikwa simulated sine wave. Pini 8 zote zimechomekwa, plastiki safi. Multimita: 12.08 imetulia, 11.93 na mzigo.

#12 NgaziMia

Pawa saplai ni nzima basi. Nitazame UPS.

Pawa saplai za kisasa zina active PFC (saketi inayosawazisha uvutaji wa umeme), na baadhi hazipatani na wimbi la ngazi linalotoka kwenye UPS za namna hiyo. Umeme wa ukutani ukishuka, UPS inaruka kwenda betri, pawa saplai inaona wimbi la ajabu huku inavuta wati nyingi, inajilinda kwa kuzima. Ukiwa umetulia unavuta kidogo, inapita. Ukiwa unarenda na kadi ya grafiki nayo inafanya kazi, inakatika. Angalia pia wati zake: VA 1000 mara nyingi ni wati 600 au chini, na betri ikizeeka hazifikiwi.

Jaribu hivi: mashine ikiwa kiwandani, anzisha mzigo wa prosesa na GPU kwa pamoja kwenye mradi usio na thamani, kisha chomoa UPS ukutani. Ikizima, ovakloki haihusiki. Suluhisho ni UPS ya pure sine wave yenye wati za kutosha.

#13 Kibo_Render

Imezima palepale, ikiwa kiwandani.

Na haya ndiyo matokeo ya prosesa. Pesti upya, skrubu kwa mkingamo, mapezi yalikuwa yameziba vumbi upande wa feni. Kizidisho 48, ringi 43, baiosi 1.290, LLC ya kati, chini ya mzigo 1.232, wati 162, kiini cha tatu nyuzi 85, cha chini kabisa 78. RAM 3200, VCCIO 1.10, VCCSA 1.15. Prime95 na y-cruncher saa moja moja, kurenda kumekamilika, WHEA sifuri. Kwa 49 kiini cha tatu kinataka 1.330 kwenye baiosi na joto linavuka 90, nimerudi 48.

#14 fundi_volti

Hapo hapo. Hifadhi kama profaili kwenye baiosi na nakala kwenye flashi. Ukisasisha baiosi siku moja, usipakie profaili ya zamani, andika upya kwa mkono, kwa sababu maana ya ngazi za LLC inaweza kubadilika kati ya matoleo.

#15 Tausi_5600

Samahani wakuu kudandia uzi. Ryzen 5 5600X ya AMD, Curve Optimizer (kipengele cha kupunguza volteji ya kila kiini) -30 viini vyote. Prime95 inapita kabisa, lakini inaristati nikiwa nasoma tu mtandao. WHEA 18, Cache Hierarchy Error.

#16 fundi_volti

Karibu dada. Kwenye Ryzen tabia ni kinyume na ya Kibo. Mzigo mzito unashusha mwendo, kwa hiyo -30 inatosha. Mzigo mwepesi unapandisha kiini kimoja hadi kilele, na hapo ndipo volteji uliyokata inahitajika. Kila hatua ya Curve Optimizer ni millivolti 3 hadi 5, kwa hiyo umekata kama 90 hadi 150.

Soma APIC ID kwenye hiyo 18 ujue kiini, kisha tumia CoreCycler, inajaribu kiini kimoja kimoja. Kile kinachofeli kipandishe kwa hatua 5, rudia. Viini bora, vile vilivyowekewa alama kwenye Ryzen Master, kwa kawaida ndivyo visivyostahimili hasi kubwa, kwa sababu tayari vinaombewa volteji ndogo kwa mwendo mkubwa. Usishangae ukiishia -10 kwa viwili na -25 kwa vingine.

#17 Mama_Seva

Niwahi kabla hajaja mwenye i9-13900K au 14900K. Hizo ukiona gemu zinasema kumbukumbu ya video imeisha wakati haijaisha, au programu zinafeli kufungua faili zilizobanwa, usianze na ovakloki. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba prosesa hizo zilikuwa zinaomba volteji ya juu kupita kiasi, zikachakaa. Marekebisho ya mikrokodi (programu ndogo ya ndani ya prosesa) 0x129 yalitoka Agosti na 0x12B Septemba mwaka huo. Sasisha baiosi, weka mipangilio ya Intel Default, jaribu tena. Ikiendelea kufeli, prosesa imeshaumia na mikrokodi hairudishi kilichochakaa. Dhamana za zile za boksi ziliongezwa miaka miwili, fuatilia.

#18 Jabali_Z390

Yangu haileti skrini ya bluu. Inarenda vizuri dakika kama 20, kisha inashuka hadi MHz 800 kwa sekunde kadhaa, inapanda, inashuka tena. Joto la prosesa ni 74 tu.

#19 Kisiwani64

Hiyo ni VRM, ile saketi inayoshusha volti 12 kuwa volti moja na ushee. Ikizidi joto inaipigia prosesa alama ya PROCHOT kutoka nje, nayo inajishusha hadi 800. Kwenye HWiNFO64 tafuta mstari wa VRM au MOS, ukiona 105 kwenda juu ndiyo hiyo. Mazabodi nyingine hazina sensa hapo. Fungua ubavu wa kesi, elekeza feni ya milimita 80 au 120 kwenye vile vyuma vya kupozea vilivyo kushoto na juu ya prosesa, urudie. Kushuka kukikoma, funga feni hiyo mahali hapo moja kwa moja. Kama una kipozeo cha maji ndiyo sababu yenyewe: hakuna feni inayopuliza eneo hilo tena. Usizime PROCHOT kwenye baiosi, utaunguza mosfeti.